Shukrani ya Mapema ya Nyumba ya Dawa

Waliofika nchi ya Vipengele si wengi, na karibu wote hurudi na malalamiko. Sijaona Mapunda alirudi na shukrani, ndiyo maana habari zake zinafaa kuelezwa bila haraka. Njia aliyopita haina umuhimu. Nchi ile hufikiwa na watu waliochoka, na Sijaona alikuwa amechoka kwelikweli.

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuwauliza watu wanahitaji nini kabla mafundi hawajaanza kutengeneza programu za kompyuta, kisha kuyaandika majibu kwa namna aliyofundishwa na Mwalimu Lupembe: nani anakuja, anataka kupata nini, anafanya nini kwanza, mfumo unamjibu nini, halafu nini, na mambo yakienda kombo inakuwaje, kila mkwamo ukipewa herufi chini ya hatua yake. Mwalimu aliviita visa vya matumizi. Mwezi ule ofisini wakaletwa wataalamu wapya wenye viatu vyeupe, wakamwambia kwa sauti ya upole, ile sauti ya kumpa mtu pole ya msiba, kwamba visa vimepitwa na wakati. Sijaona hakubishana. Alilitia jalada la Mwalimu kwenye droo ya chini, akaomba likizo, na siku ya tatu ya likizo hiyo akajikuta langoni mwa nchi asiyoijua.

Askari wa lango hakumwuliza jina. Alimpima urefu, akamhesabu vidole, akaandika rangi ya kilemba na idadi ya vifungo vya koti lake, na kila alipoandika alitia alama ya vema.

"Vipengele vyako vimetimia," akasema. "Karibu sana."

"Hukuniuliza nimekuja kufanya nini."

Askari akapekua karatasi zake, mbele na nyuma, kwa uaminifu kabisa. "Hilo halimo," akasema.

Kwa desturi yao mgeni hukaa nyumbani kwa mtumishi wa serikali, naye Sijaona akapelekwa kwa Bwana Nadhifu, Mwandishi wa Vipengele Daraja la Kwanza, mtu mwembamba mwenye kola safi na doa la wino la kudumu kwenye kidole gumba. Alikuwa mkarimu. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshamweleza mgeni sheria tatu zinazoiongoza nchi.

Sheria ya kwanza: hakuna kitu kitakachojengwa pasipo waraka wenye vipengele mia tatu au zaidi. Sheria ya pili: mtu asitajwe katika waraka wa ujenzi. Sheria ya tatu: kitu kikishakaguliwa na vipengele vyake vyote kuonekana vimetimia, kinatiwa muhuri wa lakiri, na hakiguswi kwa miaka saba.

"Ile ya pili sijaielewa," alisema Sijaona. "Mnajengea akina nani?"

"Watu hubadilika, Dada Sijaona. Leo ana njaa, kesho ameshiba. Leo mlemavu, kesho ana mapacha mgongoni. Ukimweka mtu ndani ya waraka, waraka mzima unayumba." Alisema hayo bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza kwa nini chumvi huwekwa mbali na maji.

Kesho yake alimtembeza mjini. Daraja la taifa lilikuwa na vipengele mia tatu na arobaini, kingo zimeng'arishwa, mbao hazina hata ufa. Halikufika ng'ambo. Hakuna kipengele kilichosema lifike. Wananchi walitembea hadi mwisho wake, wakasifu kazi, wakarudi, wakateremka na kuvuka mto kwa miguu, wamepandisha nguo. Shule yao ilikuwa na madawati mia mbili mazuri, yote yakiutazama ukuta wa nyuma, na mwalimu alifundisha akiwa nyuma ya wanafunzi huku wao wakigeuza shingo. Hakuna aliyelalamika. Watu wa nchi ile ni wapole, wamezoea kupitia dirishani, na kila dirisha lina alama ya kuchubuka mahali pale pale pa kuweka mguu.

Jambo moja lilimshangaza Sijaona zaidi. Milango yote ya nchi ilikuwa ya buluu, na mbele ya kila mlango palikuwa na ngazi tatu za mawe, ya juu ikifika kiunoni mwa mtu. Kila mtu alipanda kwa kuhema na kushuka kwa kuruka. Hata kibanda cha kuku cha Bwana Nadhifu kilikuwa na ngazi tatu, na kuku walikuwa wakilala nje.

"Tumeiga Kinu," alisema Nadhifu, na sauti yake ikashuka kwa heshima. "Kinu cha maji cha kule bondeni. Kimesaga mahindi ya watu miaka tisini bila kumkosea mtu hata siku moja. Ndicho kitu pekee kwetu kinacho..." Alitafuta neno.

"Kinachofanya kazi?"

"Kinachopendwa," akasema Nadhifu, akameza mate.

Kila mwaka, alieleza, ipo Siku ya Shukrani ambapo nchi nzima hushuka bondeni kukishukuru Kinu. Na kwa kuwa hawajui kwa nini Kinu kinafaa, basi huiga kila kinachoonekana kwa macho, rangi ya mlango, mawe ya ngazi, upana wa paa, hata mwinamo wa bomba la moshi. Mpaka sasa hakuna jengo jingine lililopendwa.

Mke wa Nadhifu aliitwa Bi Afua. Alikuwa mcheshi, mnene kidogo, na kifua chake kilikuwa na pumu iliyomkaba vibaya. Kila baada ya maneno machache alivuta pumzi, na pumzi ile ilipiga filimbi. Kwenye rafu ilikuwepo chupa ya dawa yenye mistari ya kupimia, na Sijaona aliona kwamba dawa imebaki chini ya mstari wa mwisho.

"Vijiko kumi," alisema Bi Afua alipoona mgeni anatazama. "Viwili kwa siku. Mwenyewe nishapiga hesabu."

Nyumba ya zamani ya dawa ilikuwa imebomolewa wiki iliyopita. Haikuwa na kasoro. Ilikuwa haina waraka. Nyumba mpya ilikuwa tayari, nayo ingetiwa lakiri baada ya siku nne. Aliyeandika vipengele vyake mia nne na kumi na viwili ni Bwana Nadhifu mwenyewe.

"Mia nne na kumi na viwili," alisema Bi Afua, akimpiga mumewe begani, "nami simo hata kimoja." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikawa kirefu, na Nadhifu akasimama nyuma yake akimsugua mgongo.

"Bwana Nadhifu," akasema Sijaona kikohozi kilipotulia, "nieleze Bi Afua atakavyopata dawa siku ya kwanza."

"Nyumba itakuwa na rafu sita zisizopata unyevu. Itakuwa na dirisha la ndani la kutolea dawa. Itakuwa na..."

"Sijauliza nyumba itakuwa na nini. Nauliza yeye atafanya nini. Ametoka hapa nyumbani, amefika. Halafu?"

Nadhifu alirudi nyuma hatua moja. Mwandishi anayeingiza mtu kwenye vipengele vyake siku za kungojea lakiri, hata kwa mdomo tu, hufutwa kazi, na jengo lake hubomolewa siku hiyohiyo. "Usinifanyie hivyo, Dada," akasema taratibu. "Hii ndiyo nyumba pekee ya dawa tutakayokuwa nayo."

Siku iliyofuata Sijaona alikwenda kwenye Baraza la Ujenzi akitumaini kuwa huko pana mtu wa kumsikiliza. Alikuta pande tatu zinazozana kuhusu Nyumba ya Dawa, na anakiri kwamba kwa muda alisahau huzuni yake, maana pande zote alizijua.

Upande wa Orodha, uliokuwa unatawala, ulitaka vipengele viongezwe vifike mia tano ili nyumba ipate hadhi. Upande wa Vikaratasi ulikuwa wa vijana wachangamfu waliosimama muda wote. Wao waliandika kila haja kwenye karatasi isiyozidi kiganja, "Mimi mgonjwa nataka dawa ili nipone", wakaibandika ukutani na kupigiana makofi. Sijaona aliwapenda, angalau walimkumbuka mgonjwa. Lakini alipouliza mgonjwa akikuta hakuna mtu dirishani atafanya nini, wakamwambia hilo watazungumza siku ikifika. Upepo ukavuma, karatasi tatu zikatoka nje, nao wakatangaza kwamba vipaumbele vimebadilika.

Upande wa tatu ulikuwa wa Mayai. Hawa walichora mtu wa vijiti, wakachora yai, ndani ya yai wakaandika "Pata Dawa", wakaunganisha mtu na yai kwa mstari mmoja ulionyooka, kisha wakainamisha vichwa.

"Na humu ndani ya yai kunatokea nini?" aliuliza Sijaona.

"Humo hatuingii," akajibu mkubwa wao.

Kikao kilifungwa na Mkaguzi Mkuu, Mheshimiwa Timilifu, mzee mrefu anayechechemea kwa sababu ya goti, ambaye mkononi hakosi kalamu nyekundu. Sijaona alimwomba dakika moja. Timilifu alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwuliza ni kipengele namba ngapi ambacho hakijatimia. Sijaona hakuwa na namba. Mkaguzi akamsikitikia kwa moyo mweupe kabisa, akaenda zake.

Maji yalimfika shingoni. Alitembea bila kujua anakokwenda, na miguu ikampeleka bondeni, kwenye Kinu.

Msagaji alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Mama Tegemea, mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi ndala. Alikuwa anamkaripia mteja na kumchekea kwa wakati mmoja. Alipomwona mgeni ameshika tama akamwambia aingie ndani, huko nje mawe yana baridi.

Nyuma ya mlango wa buluu, mahali ambapo mlango ukiwa wazi hapaonekani, ulikuwepo ubao mpana wenye maandishi yaliyochomwa kwa chuma cha moto. Sijaona alianza kuusoma kwa kupitisha wakati tu. Alipofika mstari wa pili akarudi juu, akaanza upya kwa makini.

*Mtu anakuja na mahindi yake, anataka kurudi na unga wake mwenyewe.*
*1. Anaweka gunia kwenye ngazi.*
*2. Msagaji anamwuliza jina, anafunga uzi wenye rangi kwenye gunia, na mwenziwe wa rangi hiyo anampa yeye.*
*3. Msagaji anasaga, anaurudisha unga kwenye gunia lilelile.*
*4. Mtu anaonyesha uzi wake, anapokea, anaondoka.*

Na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: *Kama aliyekuja hawezi kunyanyua gunia: alitelezeshe kutoka begani hadi ngazi ya tatu, iliyo sawa na kiuno. Kama amepoteza uzi: ataje jina. Kama kuna ukungu bondeni: mlango uwe buluu, auone toka mbali. Kama mto umekauka: msagaji aweke kitambaa cheupe kilimani, ili mtu asitembee bure.* Na mengine, hadi karibu na sakafu.

"Kumbe ngazi ni za magunia," alisema Sijaona.

"Za nini tena?" alisema Mama Tegemea. "Watu nao huzipanda, sijui wana nini. Mwanangu, mbona unalia?"

Sijaona alikuwa analia kweli. Alimweleza mama yule kwamba yuko mwalimu, mbali, aliyemfundisha kuandika hivihivi, mstari kwa mstari, na kwamba yeye ameyafungia maandishi yake kwenye droo kwa sababu watu wenye viatu vyeupe walimtazama kwa huruma. Miaka tisini nchi nzima imeshukuru rangi ya mlango, na jambo la kushukuriwa liko nyuma ya mlango huohuo.

"Kila msagaji anayeingia kazini anausoma kwa sauti siku saba," alisema Mama Tegemea. "Nami nilisoma. Ukiusoma unamwona mtu anakuja na gunia lake. Ukishamwona, kazi iliyobaki unaijua mwenyewe." Akapangusa unga kwenye pua. "Kesho ndiyo wanakuja kushukuru. Watashukuru bomba la moshi tena."

"Siku hiyo huruhusiwa kutaja watu?"

"Siku ya Shukrani? Taja unayemtaka. Asante isiyo na mtu ni asante gani?"

Sijaona alirudi mjini karibu anakimbia. Alimwomba Nadhifu jambo dogo: kesho, mbele ya watu, aishukuru Nyumba ya Dawa mapema. Asiitaje kasoro yoyote, asiulize lolote, aseme asante tu, hatua kwa hatua, kwa niaba ya mkewe, tangu anapotoka nyumbani hadi anaporudi na chupa mkononi. Nadhifu alifikiri. Aliitafuta sheria inayokataza, hakuiona. Zaidi ya hapo, ilikuwa sifa kwa kazi yake, na hakuna mwandishi asiyetaka kazi yake isifiwe. Akakubali kwa furaha, akapiga pasi kola.

Umati ulijaa bondeni asubuhi ile. Walishukuru mlango. Walishukuru paa. Mheshimiwa Timilifu alishukuru mwinamo wa bomba kwa robo saa nzima. Ndipo Bwana Nadhifu akapanda jiwe, akajikohoza.

"Naishukuru Nyumba ya Dawa," akaanza, "kwa sababu siku ya kesho kutwa mke wangu Afua atatoka nyumbani akiwa na cheti chake cha tabibu. Atafika. Naushukuru mlango wa buluu. Atapanda ngazi ya kwanza..." Akasita. Alimtazama mkewe, aliyeketi mbele akivuta pumzi zake za filimbi, kisha akazitazama ngazi za Kinu. "Atapanda ngazi tatu. Polepole. Atapumzika. Naushukuru mlango, kwa maana utafunguka kwa cheti chenye muhuri, kipengele cha themanini na nane. Naye atakuwa na muhuri, ambao atagongewa..."

Akahesabu kwa vidole.

"Ambao atagongewa dirishani," alisema Nadhifu, na sauti yake ikapungua. "Dirisha la ndani. Kipengele cha mia mbili na kumi na saba."

Mtu mmoja nyuma akauliza, kwa nia njema tu, "Sasa ataingiaje kabla hajagongewa?"

Wasimulizi wengine wa habari hizi husema Nadhifu alizimia, si kweli. Alisimama tu pale juu ya jiwe, mikono imening'inia, huku akimwona mkewe kwa mara ya kwanza mbele ya jengo lake. Amesimama kwenye ngazi ya tatu na cheti mkononi, mlango umefungwa, na dawa iko upande wa pili, kavu, kwenye rafu nzuri sita.

Mheshimiwa Timilifu aliinuka. "Vipengele vyote vimetimia," akasema. "Nimevihesabu mwenyewe, mara mbili."

"Vimetimia, Mheshimiwa," alisema Nadhifu, machozi yakimtoka waziwazi. "Vyote. Aliyebaki nje ni mke wangu tu."

Mama Tegemea akapaza sauti kutoka mlangoni kwake. "Basi Mheshimiwa, shukuru wewe! Goti lako linajulikana nchi nzima. Twende, umechukua cheti chako cha dawa ya kuchua, umefika. Asante ya kwanza?"

Watu wakacheka kidogo, kwa hofu. Timilifu alikuwa mtu mwenye kiburi, lakini hakuwa mwongo. Aliianza shukrani yake. Alipofika kwenye ngazi akalishika goti, alipofika mlangoni akakwama, akaitazama kalamu yake.

"Nimehesabu milango miaka thelathini," alisema mwishowe. "Sikumbuki kama kuna mmoja niliowahi kuupita." Akaitia kalamu nyekundu mfukoni.

Ndivyo ilivyozaliwa siku ile Sheria ya Shukrani ya Mapema, inayosema kwamba kitu kisitiwe lakiri mpaka mtu mwenye jina lake awe amekishukuru tangu anapotoka kwake hadi anaporudi, bila kukwama. Na akikwama, iandikwe alipokwama, na iandikwe atafanya nini.

Zilibaki siku mbili, na vijiko vinne vya dawa. Sijaona na Nadhifu walikaa sakafuni ndani ya Kinu, karatasi zimewazunguka. Orodha hawakuitupa, Sijaona hakukubali itupwe, kwa sababu kisa hakiwezi kukuambia rafu iwe kavu kiasi gani. Walikipa kila kipengele hatua ya kukaa. Vingi vilipata pa kukaa. Mia moja na thelathini havikupata, vikiwemo vyote vilivyohusu bomba la moshi, navyo viliagwa kwa heshima. Mlango uliambiwa usimwulize mtu kitu. Ngazi zilipunguzwa zikawa moja, pana, ya chini. Vijana wa Vikaratasi walitumwa mjini kukusanya "je, kama", wakarudi wamejaza mifuko. Watu wa Mayai walipewa ukurasa wa kwanza, wachore picha ya kumwonyesha msomaji mambo gani yamo ndani, na mkubwa wao alipochungulia ndani ya yai kwa mara ya kwanza alikaa kitako akasoma hadi mwisho.

Lakini saa nyingi alizitumia Nadhifu peke yake, kwenye zile herufi ndogo. Sijaona alimwona akimtazama mkewe aliyelala kwenye magunia, kisha akiandika, kisha akimtazama tena.

Siku ya kufungua nyumba, bendi ilipiga, na kama kawaida ya sherehe, kila mtu alitaka kuona bendi. Mgawaji wa dawa naye alitoka kuona, umati ukambana huko nje. Bi Afua akapanda ngazi ile moja, akausukuma mlango, ukafunguka bila maswali. Akaingia peke yake. Chupa nyumbani ilikuwa tupu tangu asubuhi.

Dirishani hapakuwa na mtu.

Kupitia mlango ulioachwa wazi watu walimwona amesimama akitazama huku na huku, mabega yakipanda na kushuka. Nadhifu akataka kukimbia. Sijaona akamkamata mkono wa shati. "Mwache," akamnong'oneza, ingawa moyo wake mwenyewe ulikuwa unapiga kama wa mwizi. "Uliandika?"

"Niliandika."

"Basi mwache."

Bi Afua aliona ubao ukutani. Akausoma, midomo ikitembea. Akanyoosha mkono akaivuta kamba, mara moja, na kengele ikalia nje juu ya vichwa vya bendi yote. Halafu akageuka, akakuta benchi lipo pale pale nyuma ya magoti yake, akaketi. Mgawaji alipenya umati akiwa ameinua viwiko, akaingia, akaomba radhi, akasoma cheti, akatoa dawa. Bi Afua akanywa palepale kwa kijiko kilichoning'inizwa kwa uzi kando ya dirisha, akakaa kidogo. Filimbi ya kifuani ikashuka, ikapotea.

Alitoka na chupa imejaa. Hakwenda kwa Mheshimiwa wala kwa bendi.

"Pale ukutani," aliuliza kwa sauti, "pameandikwa: *Kama mgawaji hayupo, mgonjwa avute kamba mara moja na kuketi. Asisimame.* Nataka kujua nani aliandika hilo neno 'asisimame'."

Nadhifu alinyoosha kidole juu, kama mwanafunzi.

"Asante," alisema Bi Afua.

Nadhifu alilia pale mbele ya serikali yote. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiandika, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno hilo, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuwamo katika alichokiandika. Alipopata sauti alimgeukia Sijaona amshukuru, Sijaona akamzuia, akasema amshukuru Mama Tegemea. Mama Tegemea akasema yeye ni msomaji tu, ashukuriwe aliyeuchoma ubao. Na aliyeuchoma ubao hakuacha jina. Wakashuka wote bondeni, na kwa mara ya kwanza nchi nzima ilipita mlango wa buluu bila kuusifu, ikasimama nyuma yake, ikasoma.

Sijaona alisoma nao mpaka mstari wa mwisho. Kisha akaaga. Kwa upande wake aliyemfundisha alikuwa na jina, na namba ya simu.

Kitu cha kwanza alichokifanya aliporudi ofisini kilikuwa kuifungua ile droo ya chini. Akaliweka jalada mezani, mbele ya watu wa viatu vyeupe, akapiga simu. Iliita muda mrefu.

"Shikamoo Mwalimu. Ni Sijaona. Sijaona Mapunda."

"Marahaba, mwanangu. Habari za siku nyingi! Kuna shida?"

"Hakuna shida. Nimepiga kukushukuru kwa kunifundisha visa. Sikuwahi kukuambia."

Upande ule kuku walisikika. Kisha mzee akasema, na Sijaona akajua kwamba anatabasamu, "Na kama nisingepokea?"

"Hatua ya pili, herufi a," alisema Sijaona. "Tikiti ya basi ninayo hapa mkononi, Mwalimu. Ningekuja mwenyewe."